Gari la Kumfuata Mama Mkwe

Mume wangu Antipasi haamini rula. Akitaka kujua urefu wa kitu anakipima kwa shubiri, akitaka kujua uzito anakinyanyua, akitaka kujua kama chai imeiva ananusa. Nimeishi naye miaka kumi na mitatu na sijafanikiwa kumbadilisha hata kwenye chumvi ya mboga. Hapa Unyambwa wanamfahamu kwa pikapu yake nyeupe, ile Hailaksi ya zamani yenye bodi la chuma alilolichomelea mwenyewe. Inabeba alizeti kutoka Ihanja, inabeba vitunguu vikivunwa, inabeba harusi na misiba ya watu bila kubagua. Wanamfahamu pia kwa upole. Wanasema, "Kristina ana bahati, mume wake hana neno." Ni kweli, hana neno. Maneno yote ameniachia mimi.

Sasa nieleze alichofanya masika haya, maana kila mtu mtaani anasimulia kivyake na wote wanakosea.

Nilikuwa na mimba. Niseme wazi kabisa: nilikuwa na miaka arobaini na moja, hiyo ilikuwa mimba ya tatu, na ndani ya nyumba hapakuwa na mtoto. Wa kwanza alizaliwa kabla ya siku zake, akaishi siku mbili. Wa pili hakulia kabisa. Wote wawili walizaliwa masika, na mara zote mbili mama yangu hakuwepo, kwa sababu mama yangu anaishi ng'ambo ya mbuga, mbele ya Sepuka, kwenye kijiji ambacho kiangazi unafika kwa saa nne na masika hufiki. Mvua ikishanyesha siku tatu mfululizo, ule udongo mweusi unashika gurudumu kama ugali unavyoshika mwiko. Bodaboda wachache wanapita kwa kubeba pikipiki mabegani, lakini mama yangu, Luciana, ana miaka sabini na nne na nyonga mbovu. Nani atambeba mabegani?

Mtu atauliza, kwa nini hamkumleta mapema, kiangazi? Kwa sababu ya ujinga wangu. Niliificha mimba. Miezi mitano sikumwambia mtu isipokuwa Antipasi, nilivaa magauni mapana kanisani, niliogopa kwamba nikiisema kwa sauti itaondoka kama zile nyingine. Nilipompigia mama hatimaye, tayari ilikuwa Desemba na mawingu yameshakaa upande wa mbuga. Mama akasema kwa Kinyaturu kwamba angenichapa kama ningekuwa karibu. Kisha akauliza, "Utakandwa na nani?"

Daktari alikuwa ameshaniambia nilale, nisipande gari la barabara mbovu, nisinyanyue hata ndoo. Nikalala. Majirani ni watu wema, walinichotea maji, walinipikia, haikuisha siku Dina wa nyumba ya pili hajaja kupiga soga nami. Lakini nilimtaka mama. Sikutaka ushauri wake wala dawa zake, nilimtaka yeye. Nilitaka kusikia anavyoburuta ule mguu wake akitoka jikoni. Nilitaka anigombeze kwa sababu sijamaliza uji. Mwanamke mzima, mvi zimeshaanza, nikalala natazama bati na kumtamani mama yangu mpaka machozi yanaingia masikioni.

Antipasi aliyaona yale machozi. Kesho yake alfajiri akawasha gari akaenda.

Akarudi jioni, amepakwa tope hadi kwenye kope. Peke yake.

"Umerudi na nani?" nikamuuliza kutoka kitandani, kwa ubaya tu, maana nilikuwa nimeshaona kiti kitupu.

"Njia ina tuta katikati," akasema. "Malori yamechimba pande mbili, katikati pakabaki tuta. Gari lilikaa kwa tumbo. Tairi zinazunguka hewani. Nimetolewa na ng'ombe wanane."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo gari liko chini sana mbele. Nitalinyanyua."

Nikamwambia alinyanyue basi, alinyanyue hata lifike mawinguni, ilimradi aniletee mama. Nayakumbuka maneno hayo kwa sababu aliyachukua kama yalivyo.

Fundi alikuwa Melkizedeki, wa hapa hapa mtaani. Kazi ilifanyikia uani kwetu, chini ya dirisha la chumba nilicholala, ndiyo maana leo najua mambo ya magari ambayo mwanamke mwingine hapa hajui. Nilijifunza ufundi kwa masikio. Nilisikia kwamba pikapu ya aina ile mbele haina springi za kawaida. Ina vyuma viwili virefu vinavyojinyonga chini kwa chini, na kila kimoja kina boliti yake nyuma. Ukikaza boliti, chuma kinajinyonga zaidi na gari linainuka. Rahisi namna hiyo. Unahitaji jeki, spana kubwa na nguvu ya mkono.

"Nikaze kiasi gani?" Melkizedeki akauliza.

"Kaza," Antipasi akasema.

Akakaza. Kila baada ya muda namsikia mume wangu anasogea, anaweka kiganja chini ya bampa, anapima kwa shubiri, anasema ongeza. Boliti ikaanza kulia. Ongeza. Nikapaza sauti dirishani, "Nyie, na matairi mtayapima lini?" Maana Kurji wa duka la spea, aliyewauzia bushi mpya, zile raba za chini ya gari, alikuwa amewaambia kwa simu, na simu ilikuwa kwenye spika, kwamba gari likinyanyuliwa ni lazima lipelekwe kwenye mashine, matairi yapangwe upya.

"Nimeshapima kwa macho, mama," Melkizedeki akanijibu. "Yamenyooka kama mstari wa shule."

Nikajikongoja mlangoni kuliona. Jamani! Gari lilikuwa limeinua pua juu kama beberu anayenusa majike. Majirani wamejaa, kila mtu anasifia. Antipasi amesimama pembeni, mikono mfukoni, amevimba kifua kama bwana harusi. Na mimi, nisiwe mwongo, moyo uliniruka. Nikaona tayari mama amefika.

Haikuchukua wiki. Alisema atalijaribu kwanza kwenye njia ya Ihanja, na siku ya kwanza tu akarudi ameshika kiuno. Gari lilikuwa halinesi tena, linagonga. Likiingia shimoni linapiga chuma kwa chuma. Usukani unatetemeka mkononi. Siku ya nne akaniambia kwamba linavuta kushoto, ni lazima alishikilie muda wote. Siku ya sita nikampigia simu kumuuliza amefika wapi, akaondoa mkono mmoja kwenye usukani ili apokee, na gari likajiendea lenyewe, likavuka mtaro, likaingia kwenye shamba la alizeti la watu mpaka katikati. Mimi upande huu nasikia tu mabua yanavunjika na mume wangu anaita Yesu na Maria.

Hakuumia. Aliporudi alikuwa na majani ya alizeti kwenye bampa, na akanionyesha tairi la mbele. Lilikuwa limelika upande mmoja hadi nyuzi zinaonekana, upande wa pili bado jipya.

"Nitaenda hivyo hivyo," akasema. "Muda unaisha. Kesho naenda kumchukua."

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Mimba ilikuwa imeingia mwezi wa nane. Miezi mitatu nilikuwa nimemsukuma mtu huyu, asubuhi namwambia mama, jioni namwambia mama, na sasa ananiambia anakwenda kesho. Kesho! Roho yangu yote ilisema mwache aende. Nikafumba macho nikamwona mama amekaa kwenye kile kiti, katikati ya mbuga, gari linajiendea linakotaka.

"Hapana," nikasema.

"Hapana nini?"

"Hapana, hutamleta mama yangu na gari lisilojua linakokwenda. Nenda mjini kwa Moez kesho, ukalipime kwa mashine kama Kurji alivyokwambia. Mimi nitasubiri."

Antipasi akaenda kunawa. Usiombe kuambiwa usubiri kitu unachokitamani, lakini ni afadhali kuliko kujiambia mwenyewe.

Moez ana karakana ya matairi mjini. Ni Mhindi wa hapa hapa, amezaliwa Singida, Kinyaturu chake kinawashinda vijana wetu, na hana aibu ya kumgombeza mtu. Alilipandisha gari kwenye mashine, akafunga vile vyombo vyake kwenye magurudumu, akatazama kioo cha kompyuta, halafu akatoka nje akamwita Antipasi.

"Kaka, nani amekufanyia hivi?"

Antipasi akasema ni fundi. Hakumtaja. Ndivyo alivyo.

"Amekaza mpaka mwisho. Tairi likiingia shimoni linatakiwa lishuke na shimo, sasa hili halina pa kushukia, limeshaning'inia. Na matairi yako moja linatazama Dodoma, jingine linatazama Tabora. Unashangaa nini likienda shambani?"

Akachukua spana akalegeza zile boliti. Antipasi anasimulia kwamba gari lilishuka mbele ya macho yake naye akashika kichwa, akaona safari nzima ya mbuga inashuka nalo. Lakini Moez hakulirudisha chini kabisa. Aliacha limenyanyuka vidole vitatu, akamfungia shokapu ndefu zaidi, akambadilishia matairi yote manne akaweka makubwa, yale yenye meno ya kukamata tope. Hapo gari likapanda tena, safari hii kihalali. Ukilitazama ni refu kuliko hata Melkizedeki alivyolifanya, lakini linanesa vizuri.

Ikabaki alaimenti yenyewe, ile ya kupanga matairi. Kwa maelezo ya Antipasi, ambayo nimeyasikia mara arobaini, tairi lisiegemee ndani wala nje, lisikae mbele mno wala nyuma mno, na yote mawili ya mbele yatazame mahali pamoja. Moez akasema jambo moja zaidi. Akasema yeye hupenda gari lipimwe likiwa na mzigo wake, siyo tupu, maana watu wakikaa springi zinalala na pembe zinabadilika. Akamkalisha Antipasi kwenye usukani.

"Na kiti cha kushoto atakaa nani?"

"Mama mkwe."

"Ana kilo ngapi?"

Hebu elewani swali hilo lilivyo. Kwetu mwanamume hamshiki mama mkwe mkono. Hamtazami usoni, hakai naye mkeka mmoja, wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani kidogo mwenzake apite. Siku ya harusi yetu mama alimbariki Antipasi akiwa nyuma ya mlango. Sasa huyu mtu anaulizwa uzito wa mama mkwe wake, saa tano asubuhi, mbele ya wateja wanaokunywa soda. Anasema jasho lilimtoka hadi kwenye magoti.

Akanipigia simu, sauti chini kama mwizi. "Kristina. Mama ana kilo ngapi?"

Kwanza nilicheka. Tumbo likarukaruka, nikamwambia ngoja usinichekeshe. Halafu nikajaribu kujibu. Mara ya mwisho nilimkumbatia miaka miwili nyuma, kwenye msiba wa baba. Nikajaribu kukumbuka alivyokuwa mikononi mwangu. Nilikumbuka mifupa ya mabega, na harufu ya moshi kwenye kanga, na kwamba mikono yangu ilizunguka mgongo wake ikakutana na kupitana.

"Hafiki hamsini," nikasema. "Ukipima sasa hivi labda ni chini ya hapo."

Nikaanza kulia, na Antipasi upande wa pili anasema haloo, haloo, akidhani mtandao umekata.

Walitafuta gunia la alizeti, wakalijaza kilo arobaini na nane, wakaliketisha kiti cha kushoto. Moez akalifunga mkanda. Gari likapimwa hivyo, mume wangu kulia, gunia kushoto, wote wawili wametazama mbele hawasemezani. Moez alimwambia, "Mbona unaliogopa gunia?" Watu wakacheka hadi wakamwaga soda.

Aliporudi siku ile aliendesha kutoka mjini hadi hapa Unyambwa akiwa ameweka mikono mapajani kila barabara ilipokuwa tupu, apate kuona kama gari litakwenda lenyewe. Likaenda moja kwa moja. Alinieleza hayo usiku kwa furaha, nami nikamwambia akinifia barabarani kwa kuachia usukani nitamfufua nimuue tena.

Akaondoka Jumanne, giza halijaisha. Nililala nikifuata saa. Sasa yuko Ikungi. Sasa Sepuka. Sasa ameingia mbuga. Kuanzia hapo hakuna mtandao, na mimi nikawa natazama bati na kuhesabu misumari. Dina alikuja asubuhi akanikuta sijanywa chai, akanisema sana, halafu akaenda shambani kupalilia kama watu wote, maana mvua ilikuwa imepumzika siku mbili na magugu hayasubiri.

Ya mbugani nimeyapata kutoka pande mbili, kwake na kwa mama, na kwa ajabu yanalingana. Gari lilipita juu ya lile tuta bila kuligusa. Maji yalifika kwenye vizingiti vya milango, halikuzima. Kijijini walitoka watu wote kuja kuliona, gari la kwanza tangu Krismasi. Mama alikuwa amefungasha tangu Desemba. Kuku watatu, unga wa mtama kwenye debe, na kibuyu cha asali. Ule unga uji wake niliunywa wiki tatu baadaye, mtoto akiwa kifuani analia kwa sauti ya kukera mtaa mzima.

Basi mama akaja na fimbo yake hadi mlango wa kushoto. Akatazama juu.

Hapo ndipo wote tulipoumbuka. Miezi mitatu tulifikiria tope, tulifikiria tuta, tulifikiria boliti na pembe na kilo za gunia. Hakuna aliyefikiria mguu. Kile kiti kilikuwa kimefika usawa wa kifua cha mama, na mguu wake ule haunyanyuki hata juu ya kizingiti cha nyumba. Wakaleta kigoda, hakikufika. Wakaleta kinu wakakipindua, alipokanyaga kikayumba akapiga kelele. Mtu mwenye mikono mirefu na mgongo imara alikuwepo pale pale, hatua mbili tu, lakini alikuwa mkwe wake. Antipasi aligeuka akatazama mtama wa watu. Anasema alitamani ardhi ipasuke. Mama naye alijifunika kanga hadi puani, akasema kwa sauti, bila kumwelekea yeyote, "Hili gari limeota miguu ya twiga."

Mwishowe waliitwa wanawake wanne, wakamshika kiuno na magoti, wakahesabu moja mbili tatu, wakampakia kama mzigo wa thamani. Akakaa. Akajifunga mkanda mwenyewe, kitu ambacho hajawahi kufanya, kwa kuutazama ule wa dereva kwa pembe ya jicho.

Na safari nzima hawakusemezana. Yaani walisemezana, lakini na gari. Mama aliona haya kumwambia mkwe punguza mwendo, akasema, "Wewe gari, hapa pana shimo." Antipasi akapunguza, akasema, "Gari limeona." Baadaye mama akasema, "Gari, huoni njaa?" Antipasi akasimama Sepuka akanunua maandazi, akayaweka katikati ya viti, akasema, "Gari limekula, limebakisha." Mama anasema hajawahi kuliheshimu gari kama lile. Kila akinisimulia hapo anacheka hadi anakohoa, na mimi namcheka yeye.

Saa nane mchana nikasikia mlio. Naujua ule mlio katikati ya magari mia. Nikatoka kitandani bila kufikiria daktari, nikashika ukuta hadi mlangoni, na gari lilikuwa linaingia uani, limejaa tope jekundu juu ya tope jeusi, na kwenye kioo cha kushoto kulikuwa na kanga ya njano na uso mdogo.

Antipasi akazima. Akashuka, akazunguka, akafungua mlango wa kushoto, akarudi nyuma hatua tano na kugeukia ukuta wa majirani. Mama akageuza miguu ikatoka nje, ikaning'inia. Akatazama chini. Chini palikuwa mbali.

Uani hapakuwa na mtu. Watu wote mashambani. Nikapiga hatua, na Antipasi bila kugeuka akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia, "Kristina! Usithubutu kumshika. Usinyanyue kitu." Kisha akasema, "Naenda kumwita Dina na wenzake," akatoka mbio na viatu vya tope, lile jitu pole, anakimbia katikati ya mahindi akiwaita wanawake kwa majina.

Tukabaki wawili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Miezi yote ile nilikuwa nimepanga maneno. Nilikuwa nimepanga pia nitakavyopiga magoti nimlalie, nami siku zile nilikuwa siwezi kuinama hata kuchukua kijiko kilichoanguka. Tumbo lilikuwa limesimama mbele yangu kama debe. Nikasogea hadi mlangoni pa gari hivyo hivyo, nimesimama wima, mikono nyuma ya kiuno.

Na mapaja ya mama yalikuwa hapo, usawa wa kifua changu.

Gari lilikuwa juu kiasi hicho. Sikuhitaji kupiga magoti wala kuinama. Nilishusha shingo tu, nikaweka shavu juu ya kanga ya mama, na mikono yake yote miwili ikaja juu ya kichwa changu. Kanga ilinuka moshi. Nikalia, jamani, nililia kama mtoto wa miaka minne, nikawalilia wale watoto wawili na miaka miwili na miezi mitatu yote, na mama hakuniambia ninyamaze. Alikuwa ananitazama nywele. Akasema, "Una mvi." Nikasema ndiyo. Akashusha mkono mmoja pembeni, taratibu, mpaka ukafika tumboni.

"Anacheza?"

"Anacheza, mama."

Akauacha mkono pale. Nikasikia miguu na sauti zinakuja kutoka mashambani, wanawake wanahema, Antipasi nyuma yao. Dina akaingia uani wa kwanza na jembe lake begani, akasema, "Haya, tumekuja kumshusha bibi, tumshike wapi?"

Sikuinua kichwa. Nikawaambia, "Ngojeni kwanza."

Wakaweka majembe chini, wakangoja.